Kiko cha Mtu wa Mbele

Mimi na woga tumekua pamoja. Udogoni nilikuwa naogopa paka, bata na mwalimu wa hesabu. Paka na bata nikawazoea. Mwalimu nikamkimbia, ndiyo maana shule yangu iliishia katikati ya darasa la sita, na mpaka leo kugawanya kwa tarakimu mbili naona ni uchawi. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje mtu kama mimi, miaka ile ya hamsini, akawa anatembea mbele ya wanaume kumi na wanne kwenye vichaka vya nyati, porini nyuma ya Mkwaja, jibu langu ni moja tu. Urefu.

Tulikuwa tunapima mipaka ya shamba. Kuna watu walitaka kulijua lile pori lote linaanzia wapi na linaishia wapi, wakamleta Bwana mpima na darubini yake ya miguu mitatu, na sisi tukaandikwa kazi ya kumfyekea mstari ili darubini ione. Mstari hauzunguki kichaka. Ukikutana na kichaka, unapita katikati yake. Mbele kabisa anatangulia mtu mmoja, hatua thelathini hivi, ameshika mti uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na panga mkono wa pili. Nyuma yake wafyekaji, halafu wavuta mnyororo, halafu mnyapara, halafu Bwana mpima.

Mtu wa mbele aliyekuwapo kabla yangu alikuwa Msambaa mpole, hana makuu. Asubuhi moja nyati alitoka kichakani akamtia pembe ya paja. Tulimbeba kwa machela mpaka barabara ya Pangani, tukipokezana, damu inatuchirizikia miguuni. Hakufa, lakini tulipompakia garini alikuwa anamwita mama yake kwa Kishambaa, mtu mzima yule mwenye watoto wanne. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa kichwa. Kila neno nililisikia.

Basi jioni ile mnyapara alitupitisha mbele ya macho yake, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mbuzi wa akika. Alikuwa Mbondei wa makamo, mkimya, kifua kipana. Akasimama kwangu.

"We mlingoti. Mti ukishikwa na wewe utaonekana mbali. Lori la posho linakwenda Tanga kesho. Panda, ukirudi uwe na kiko."

"Mzee, mimi sivuti."

"Utavuta."

"Na nikikohoa?"

"Vizuri. Tutajua bado uko hai."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mie nikiogopa hucheka sana, watu hudhani nina roho nzuri.

Kile kiko hakikuwa anasa, kilikuwa kifaa cha kazi. Nyati mzee, alivyotueleza mnyapara, hashtushwi na sauti za mapanga. Akisikia panga tu hujilaza palepale kichakani akangoja. Anachokikimbia ni harufu ya mtu, au mlio mkali wa madebe. Sasa, ndani ya vichaka vile hewa imetulia, umelowa jasho, mbung'o wanakuuma masikioni, huwezi kujua upepo unatoka wapi. Moshi ndio unaojua. Moshi wa kiko ukienda mbele, nyati amekwisha kutunusa na ametupisha, tunapita. Moshi ukikurudia usoni, nyati hana habari yetu, basi tunasimama, tunapiga madebe, tunapiga kelele, tunangoja aondoke. Kwa hiyo kila tukifika kichakani mnyapara huita kutoka nyuma, "Moshi!" na mtu wa mbele hujibu, "Unakwenda!" au "Unarudi!" Hao kumi na wanne walio nyuma hawaoni kitu. Macho yao ni kile kiko.

"Sigara je?" nikauliza.

"Sigara inataka vidole. Wewe vidole vyako vina mti na panga. Chukua kiko cha udongo, kichwa kipana. Tumbaku iwe kali, iliyokauka, ya moshi mzito. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Kweli masikio yalisikia. Akili yangu ilikuwa bado iko na yule Msambaa kwenye machela.

Tanga nilifika mchana, nikaenda moja kwa moja kwenye duka la Mhindi mmoja karibu na soko, aliyekuwa anauza kila kitu kuanzia sindano mpaka taa za karabai. Viko alikuwa navyo vya namna mbili. Vya udongo vilikuwa vimerundikwa kwenye kikapu chini, vimepangwa na majani makavu visivunjike, vyeusi, vichwa vipana kama vikombe. Cha pili kilikuwa ndani ya kabati la kioo. Cha mti, chekundu, kinang'aa, shingo imepinda kama ya bata.

Nitasema kweli. Vile vya udongo nilikuwa nimeviona midomoni mwa vikongwe wa Kishambaa wanaoshuka na mizigo ya kuni. Nikajiona na mimi, urefu wote huu, nimeshika mti wa rangi, mdomoni kiko cha bibi kizee. Na cha namna ile ya kabatini nilikuwa nimekiona Raskazone, mtaa wa Wazungu, nilipokuwa napeleka maziwa, kwa bwana mmoja aliyekaa barazani mwake amekunja nne. Mbwa amelala miguuni pake. Yule bwana hakuonekana kama mtu anayeogopa chochote. Nikadhani ushujaa uko kwenye kiko.

"Unakwenda kuvutia wapi?" Mhindi akaniuliza.

"Kambini, porini."

"Chukua cha udongo. Hiki cha mti kichwa chake kidogo, kinataka mtu aliyekaa kitini, ana nafasi."

"Mimi nitakaa kitini."

"Kambini kuna viti?"

"Vitaletwa."

Akanitazama. Akafungua kabati. Mfanyabiashara hamwombi mteja abaki na akili zake.

Tumbaku sikuinunua kwake. Alikuwa na ya kusokotwa, ngumu kama kamba, iliyoshuka milimani, akanikatia kipande ninuse. Nikanusa, nikaiona haina ukali. Mimi tumbaku kali nilikuwa naijua ya mtu mmoja tu duniani, nayo ni ya bibi yangu, mzaa mama, Ngamiani. Bibi alikuwa mtu wa tambuu. Nilipokuwa na miaka saba niliiba kipande cha tumbaku yake nikakitafuna nikijua ni kama anavyofanya yeye. Niliamka baada ya alasiri, nimelazwa mkekani, majirani wamenizunguka, mmoja ameshaanza kusoma Yasin. Nikawaza, tumbaku iliyoniangusha hivyo, nyati itamfanyaje?

Hapa watu wa kwetu pwani watanielewa. Kwetu tumbaku ni kitu cha kwenye kijaluba, kile kikopo cha tambuu, pamoja na popoo na chokaa. Ya kuchoma na ya kutafuna mimi niliona ni moja, kama vile mchele wa pilau na mchele wa ubwabwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu! Umekuja kunitorosha?"

"Nimekuja kukuomba tumbaku."

"Aka! Tangu lini?"

"Ya kambini. Mbung'o wengi, bibi. Wakubwa wameagiza."

Nilisema mbung'o. Nyati sikumtaja. Bibi alikuwa amewazika watoto watatu, sikuona sababu ya kumpa hofu mpya. Akafungua kijaluba, akanifungia kwenye jani la mgomba bonge zima, lina unyevu, maana alikuwa akiinyunyizia maji ya magadi kila baada ya siku mbili isikauke. Akanitazama nikilipokea.

"Mbona mikono inakutetemeka?"

"Nimekunywa kahawa."

"Kahawa yenyewe una mke mwenzangu anayekupikia?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mume wangu, kama huko ni kubaya, rudi. Hapa pana ugali."

Kidogo nilie. Nikamwambia nitarudi na asali.

Kambini kile kiko kilizua sherehe. Kulikuwa na Mzigua mmoja wa palepale Mkwaja, mvuta mnyororo, mdomo wake haukai. Sisi watu wa Tanga na Wazigua ni watani, kwa hiyo hakuwa na breki.

"Jamani, njooni mwone! Bwana shauri wa Boma ametutembelea!"

"Niache, Mzigua. Wewe baba yako alivuta majani ya kunde."

"Kweli, lakini alikuwa anajua kukaa mbali na nyati. Hebu washa tuone."

Nikawasha mbele yao, Ijumaa jioni. Tumbaku ikafoka, ikatoa moshi mwembamba kama uzi, ikazima. Nikawasha tena. Mara ya nne mate yakanijaa mdomoni, mikono ikawa baridi, nikainuka kama mtu aliyekumbuka kitu muhimu, nikaenda nyuma ya hema, nikatapika posho ya siku mbili. Nikarudi nikasema nilikwenda kuangalia kama mvua inakuja.

Mnyapara alikuwa amekaa juu ya debe ananoa panga lake. Hakucheka. "Tumbaku hiyo imekauka?"

"Imekauka, mzee."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza kuhusu kile kiko.

Jumamosi tukaingia mstarini. Saa mbili asubuhi nilikuwa mbele, mti mkono wa kushoto, panga wa kulia, kiko katikati ya meno. Meno yalikuwa yanagongana, kiko kikawa kinacheza kama mkia wa mbuzi. Hatua thelathini si mbali; ukiwa barabarani Ngamiani ni kutoka nyumba hadi ya tatu. Lakini pale mbele, nyuma yako huoni mtu, unasikia mapanga tu, na mbele ni majani, na kila tawi jeusi lina pembe.

Kichaka cha kwanza, "Moshi!" Nikavuta mpaka mashavu yakagusana, nikapata uzi mmoja. Ukaenda mbele. "Unakwenda!" Tukapita. Kiko kikazima. Nikasimama, nikachomeka mti, nikatafuta kiberiti mfukoni, nikawasha. Mstari mzima ukasimama kunisubiri. Tukaenda kidogo, kikazima. Nikawasha. Kikazima. Mara ya nne nikamsikia Mzigua nyuma:

"Jamani, tumeandikwa kupima shamba au kumngoja bi harusi avae?"

Wakacheka wote. Hata Bwana mpima, nadhani alitafsiriwa, maana alicheka baadaye kidogo.

Kile kicheko kiliniuma. Tumbaku ya bibi ilikuwa imeshanipanda kichwani, miti inasogea taratibu kama watu kwenye dufu, jasho la baridi linanitoka, nami nasema moyoni, kikizima tena sisimami.

Kikazima tena. Mbele yangu kilikuwa kichaka cha miiba, kipana, kinene, njia zake za chini nyeusi kama mdomo wa tanuri.

"Moshi!"

Nilikuwa na kiko baridi mdomoni. Moshi hakuna hata wa kumdanganyia nzi. Neno la kweli lilikuwa fupi. Kimezimika. Lakini lile neno lilikuwa na kicheko nyuma yake, nami wakati ule, Mungu anisamehe, kicheko nilikiogopa kuliko nyati.

"Unakwenda!" nikaita.

Nikasikia mapanga yanaanza. Wamekuja. Wamenisadiki.

Nikainama nikaingia. Hatua kama kumi ndani, nikasikia harufu ya zizi. Harufu ya kinyesi cha ng'ombe na tope na kitu kingine kama ngozi iliyolowa. Nikasimama. Akili yangu ya darasa la sita nusu ikafanya hesabu yake, na safari hii ikapata. Harufu inanijia usoni. Basi upepo unatoka mbele. Basi moshi, ungekuwapo, ungekuwa unarudi. Basi aliye humo ndani hana habari yetu.

Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Simameni. Nikafungua mdomo, kiko kikaanguka, na sauti haikutoka. Nimesikia watu wakisema woga humfunga mtu ulimi, nikadhani ni methali. Ni kweli tupu. Nyuma yangu naisikia sauti ya Mzigua inakaribia, anaimba, anavuta mnyororo, anaimba.

Kisha kichaka kikavuma.

Sikumwona nyati mzima. Niliona bega, jeusi, limejaa tope kavu, linapita likiugonga mti wangu, karibu nami kiasi cha kulipiga kofi. Mti ukavunjika. Mimi sikukimbia, wala msinisifu, miguu ilikuwa haipo. Nikakaa chini. Wimbo wa Mzigua ukakatika katikati ya neno, zikafuata kelele, mtu anaita "Mamaa!", mnyororo unalia, matawi yanavunjika yakienda mbali, mbali, halafu kimya. Sauti za watu zilipoanza kurudi moja moja, nikaanza kuzihesabu. Nilikuwa nazihesabu zile sauti za wenzangu kwa vidole, nimekaa kwenye majani, na vidole vinanipotea, naanza upya.

Nilipotoka nilitambaa. Walikuwa wamesimama duara. Mzigua alikuwa chini, uso umekuwa wa rangi ya jivu, mkono wa kushoto umekaa upande usiokaa mkono. Yule mnyama alikuwa amemrusha kwa bega, hakumgusa kwa pembe, akaendelea na safari yake. Kama pembe ingekuwa imeshuka kiganja kimoja, sijui. Sipendi kulimaliza hili neno mpaka leo.

"Yuko hai," mnyapara akasema. Akamfunga mkono kwa kilemba na vipande viwili vya mti wangu uliovunjika. Halafu akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Moshi ulikuwa unakwenda wapi?"

Nilikuwa nimepewa mlango. Upepo hugeuka, kila mtu porini anajua. Ningesema uligeuka, wangesema Mungu ametaka. Wote walikuwa wananitazama na kungoja niseme hivyo. Mzigua naye alikuwa ananitazama kutoka chini.

"Hapakuwa na moshi," nikasema. "Kiko kilikuwa kimezimika."

"Na ukaita."

"Nikaita."

Mfyekaji mmoja akatema mate. Nilingoja nipigwe, na wallahi ningeona afadhali. Mzigua ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwa kuwa kupumua kulimuuma:

"Kwa nini, yakhe?"

"Mlikuwa mnacheka."

Akafumba macho. "Tulikuwa tunacheka," akasema, "ndiyo tulikuwa tunacheka."

Tulimpeleka barabarani kwa machela, yeye wa pili. Nikashika tena upande wa kichwa. Hakumwita mama yake. Njia nzima alikuwa kimya, na ule ukimya wa mtu yule ulinitisha kuliko kelele.

Jioni nilifunga kifurushi changu. Nilikuwa nimeshaamua, alfajiri naondoka, hata kwa miguu mpaka Pangani. Mnyapara akaja akasimama mlangoni mwa hema, akakitazama kifurushi, akanitupia kipande cha tumbaku, ngumu, kavu, nyeusi.

"Ya Mzigua. Aliponiaga garini alisema upewe. Kesho uko mbele."

"Mzee, hawatanifuata."

"Nimewauliza nani anataka kwenda mbele badala yako. Hakuna. Basi watakufuata."

"Mimi siwezi tena. Naogopa."

"Najua unaogopa. Hata kwenye darubini ilionekana." Akakisukuma kifurushi changu kwa mguu. "Nikimweka mwingine, siku kikizima na watu wakicheka, naye atasema unakwenda. Wewe hutasema."

Akaenda zake. Nilifungua kifurushi, nikakifunga, nikakifungua. Kiko changu cha Raskazone mwenzangu mmoja alikuwa amekiokota, akakiweka juu ya mkeka wangu bila kunisemesha. Nikakisafisha kwa kijiti.

Asubuhi tukaingia. Mti mpya, haujakauka rangi. Tumbaku ya Mzigua ilikuwa njema, ilitoa moshi mzito, lakini kile kichwa kidogo cha kiko hakikumaliza hata nusu saa. Tulifika kwenye kichaka, si kile cha jana, lakini vichaka vyote vimezaliwa na mama mmoja.

"Moshi!"

Nikavuta. Baridi. Nikavuta tena. Jivu tupu.

"Simameni!" nikaita, na safari hii sauti ilitoka, ikatoka kubwa mno, kama mtu anayeibiwa. "Kimezimika!"

Mapanga yakanyamaza yote. Nikachomeka mti. Nikatoa kiberiti. Cha kwanza kikavunjika. Cha pili kikazimwa na pumzi yangu mwenyewe. Nikageuka kutazama nyuma. Kati ya majani nikaona nyuso zao, wanaume kumi na watatu wamesimama kwenye jua na mapanga yameshushwa, mbung'o wanawala shingoni na hakuna anayejipiga kofi, maana hakuna aliyetaka kutoa sauti. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wananitazama mikono.

Nikatoa kijiti cha tatu, na mikono ikitetemeka vilevile, nikawasha.

Moshi ukanirudia usoni, ukaniingia machoni.

"Unarudi!" nikaita, nikaanza kurudi nyuma mimi mwenyewe, kinyumenyume, huku machozi yananitoka, na nyuma yangu madebe yakaanza kulia.